Siku Hodan Alipoondoka na Vesti

Kabla hamjagusa hivyo vifaa, vijana, acheni kwanza ile tabia ya kufungua kompyuta, kutafuta nani amekimbia umbali mfupi kuliko wenzake, na kutangaza kwamba huyo ndiye mvivu. Nimeiona sana. Mtu amemaliza chuo juzi, amesimama na tableti mbele ya timu nzima, anasoma majina kama karani wa mahakama, na wa mwisho siku zote ni pivoti. Kisha anashangaa kwa nini pivoti hamsalimii. Mimi ni Nekesa. Wachezaji huniita Madam, na kwa miaka mingi nilisimamia mazoezi ya viungo katika klabu moja ya handiboli ya wanawake hapa Eastlands, mpaka nilipostaafu. Siku hizi nakaa Njiru na kuku wachache ambao, nashukuru, hawahitaji kuvalishwa chochote. Mkinitembelea nitawapa chai na maneno mengi, na haya ni sehemu ya hayo maneno.

Nianze na huyo pivoti, maana naona bado mnamwonea. Pivoti ni yule anayesimama katikati ya mabeki wa upande wa pili, karibu na mstari wa mita sita, ameshikwa huku, amesukumwa kule, na bado anatakiwa adake mpira na kugeuka. Wetu aliitwa Akoth. Wiki ya kwanza tulipopata vifaa, Kocha Mutiso, mtu mwema sana mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani, alimwita Akoth na kumwambia kwamba ametembea kidogo kuliko mama anayeuza maji kando ya uwanja. Akoth alikunja mikono ya jezi, akamwonyesha kocha alama za kucha na mahali palipovilia damu, akamwuliza kama hayo pia yameandikwa humo kwenye mashine.

Yalikuwa yameandikwa. Sisi ndio hatukuwa tumefungua ukurasa wake. Kile kifaa kidogo mnachokiweka katikati ya mabega, ndani ya mfuko wa vesti, kinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuongea na satelaiti ili kijue mchezaji yuko wapi na anakwenda kasi gani. Ya pili ni kuhisi kila mtikisiko wa mwili: kuruka, kutua, kugongwa, kufunga breki, kugeuka ghafla. Handiboli inaishi zaidi katika hiyo ya pili. Winga atawapa mbio ndefu za kuchomoka na mtafurahi. Mchezaji wa nyuma atawapa miruko, na kila mruko una kutua kwake, na goti ndilo linalolipa. Golikipa ataonekana kama mtu aliyekaa kungojea basi, hadi mtazame zile sekunde chache anazojirusha kama amemwagiwa maji moto. Na aliyecheza kipindi kimoja msimlinganishe na aliyecheza mechi nzima. Gawanyeni kwa dakika alizokuwa uwanjani ndipo mfungue mdomo.

Satelaiti nayo msiiamini kupita kiasi. Tulialikwa mara moja kucheza mtaani Baba Dogo, ndani ya ukumbi wa mabati uliopakana na kiwanda cha sabuni. Tulivalisha vesti kwa mbwembwe zote, wapinzani wakatukodolea macho, tukajiona tumefika. Jioni nilipofungua ramani nikakuta golikipa wetu amelinda lango kipindi kizima akiwa ndani ya kiwanda cha sabuni, na Akoth ameshambulia akiwa juu ya paa. Winga wa kulia alikuwa ametoka nje ya geti, akavuka barabara na kurudi, yote hayo kwa kasi ambayo hata pikipiki ingeona haya. Mabati yalikuwa yamevuruga mawimbi. Ndani ya ukumbi mnahitaji vile vinasa mawimbi vya kufungwa ukutani, na kama hamna, someni mitikisiko tu na ramani muiache ilale. Golikipa wetu aliitwa Sabuni mpaka alipoolewa.

Wachezaji nao wana akili, msidhani. Walipogundua kwamba Mutiso anapenda kuona umbali mrefu, walianza kuutafuta popote. Kocha akiita mapumziko, mmoja ananyanyua chupa ya maji na kuzunguka uwanja akinywa huku anakimbia polepole. Mwingine aliniomba ruhusa ya kwenda chooni, akachagua choo cha mbali kabisa, upande wa pili wa shule. Nilimwambia Mutiso, tukiwa tumekaa soko la Burma tukingoja nyama ichomwe, kwamba kile tunachopima ndicho watakachotupa, na asipoangalia atapata timu bora ya kwenda chooni nchini. Alicheka hadi kachumbari ikamwagika. Wiki iliyofuata aliacha kutangaza umbali.

Mimi nilijifunzia kazi hii kwa Mzee Kariuki, aliyekuwa kocha kabla ya Mutiso, enzi ambazo kifaa kilikuwa macho yako. Kila mmoja wetu alipewa mchezaji mmoja wa kumtazama, na njugu karanga mfukoni. Mchezaji akiruka, unahamisha njugu moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mechi ikiisha unahesabu mfuko wa kushoto. Mechi yangu ya kwanza ilikuwa kali, nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mzee alipokuja kuuliza mchezaji wangu ameruka mara ngapi, kumbe nilikuwa nimetafuna karibu data yote. Alinitazama, akatazama maganda miguuni pangu, akasema angalau tunajua mechi ilikuwa tamu. Baada ya hapo tulitumia vifuniko vya soda.

Lakini kuna jambo moja la Mzee Kariuki ambalo hakuna kifaa kilicholifanya kuwa la zamani. Alisema njugu zinakuambia kilichotokea, basi. Kwa nini kimetokea, unamwuliza mwenye mwili, na unamwuliza mkiwa wawili, kabla hujamwambia kocha. Ninawaomba mlishike hilo kuliko yote, na nitawaeleza ni kwa sababu ya nani.

Tulikuwa na winga wa kushoto anaitwa Hodan, binti wa Eastleigh, mwembamba, mcheshi, anacheza na hijabu yake na suruali ndefu, na akichomoka kwenye shambulizi la kushtukiza beki anabaki akiulizia njia. Mamake ana duka la jumla la mapazia na mashuka kwenye orofa ya juu ya jengo moja la maduka huko. Baba alikuwa safarini muda mwingi, kwa hivyo duka lilikuwa la mama na binti. Mama hakuukataza mchezo, ila aliweka sharti, na Hodan alikuwa akilirudia kwa kuiga sauti ya mamake mpaka sote tukalijua. Ukicheza, cheza. Wakikuweka benchi, rudi dukani moja kwa moja, kwa sababu dukani pia kuna pa kukaa na angalau mtu anauza kitu.

Tulicheka naye. Msimu ulipokaribia kuisha tukaacha kucheka, kwa sababu Hodan alianza kuzimika kipindi cha pili. Kipindi cha kwanza ni moto. Kikianza cha pili, dakika chache tu, mbio za kasi zinakatika kabisa, anarudi ulinzi akitembea, na wapinzani wakajua upande gani wa kupitia. Nililiona kwa macho na nikaliona kwenye grafu, mechi baada ya mechi, na hakuna mtu angeweza kubishana nalo. Mutiso alisema hana pumzi. Mimi pia nilidhani hivyo, tukamwongezea mazoezi ya mbio, na akazidi kuzimika. Basi fainali ya ligi ikiwa imebaki majuma machache, Mutiso akaniambia kwamba atamweka winga mwingine, msichana mpya, na Hodan atakaa benchi, na habari hizo zikamfikia Hodan mwenyewe. Niliwaza lile sharti la mamake. Nilijua tukimweka benchi siku ya fainali, hatutamwona tena uwanjani.

Sasa sikilizeni vesti zetu zilivyokuwa. Mazoezi yakiisha, kila mchezaji anachomoa kifaa chake, ananiletea mimi nichaji, na vesti inaenda kwa mwenye zamu ya kufua. Jumamosi moja tulifanya mazoezi asubuhi, na katikati ya kunyoosha viungo simu ya Hodan ikalia. Alikuwa mamake. Lori la mapazia lilikuwa limefika na lilikuwa limefunga njia, watu wanapiga honi. Hodan aliteremsha buibui lake juu ya nguo za mazoezi, akashika mfuko, akaondoka mbio. Nilipohesabu vifaa nikakuta kimoja hakipo. Kilikuwa mgongoni kwake, chini ya buibui, kimewaka, kinaandika.

Mazoezi yaliyofuata alinirudishia vesti imefuliwa vizuri na kifaa kimefungwa kwenye kitambaa, akiomba msamaha kila sentensi. Nilikiunganisha na kompyuta ili nifute, maana ilikuwa takataka kwangu, siku isiyo ya mchezo. Kabla sijafuta nikatupa jicho. Ramani ilimwonyesha akitoka uwanjani, akifika Eastleigh, kisha satelaiti ikampoteza alipoingia ndani ya jengo. Chini ya ramani, ile grafu ya mitikisiko haikupotea. Ilipanda, ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena, mchana kutwa, mpaka betri ilipokata roho.

Nilidhani kifaa kimeharibika. Nikafungua mechi yake ngumu kuliko zote za msimu ule, nikaiweka juu, nikaiweka siku ya duka chini yake. Mechi ilionekana ni ya watoto wa chekechea. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikitazama, na nasema wazi kwamba moyo uliniuma, kwa sababu huyu ndiye tuliyekuwa tumemwongezea mbio.

Nikamwita kando, tukiwa wawili. Nikamwonyesha. Aliinama, akatazama, akacheka kidogo.

"Madam, hiyo si mpira. Hiyo ni lori. Tulipandisha mapazia yote mpaka duka, na lifti ilikuwa imeharibika."

Nikamwuliza kama ni siku za lori tu. Akasema lori ndilo kubwa, lakini kila asubuhi kuna marobota ya kuteremsha kwa wateja wa mbali, wanaokuja mapema ili wasafiri siku hiyo hiyo. Siku za mechi je? Siku za mechi pia, alisema, kwani mechi si ni alasiri. Kumbe alikuwa anakuja kwetu akiwa ameshacheza mechi nyingine kubwa zaidi, kwenye ngazi, na sisi tunamhesabia kuanzia filimbi.

Nilisimama nimwendee Mutiso palepale. Hodan akanishika mkono.

"Zii, hapana, Madam, usimshow. Atanionea huruma ndio anipange. Mimi sitaki kupangwa juu ya huruma."

"Na nisipomwonyesha utakaa benchi."

"Najua."

Vijana, hapa ndipo wengi wenu mtateleza. Una jibu mkononi, jibu zuri, na kocha yuko hatua chache kutoka hapo. Lakini ule mwili ni wa Hodan, na siku ile haikuwa ya klabu, ilikuwa siku ya kwao nyumbani iliyoingia kwenye kifaa chetu kwa bahati mbaya. Nikamwambia hakuna atakayeona hata mstari mmoja bila yeye kukubali. Akazungusha kamba ya kiatu kwenye kidole. Kisha akasema nimwonyeshe mamake. Mama alikuwa akisema kila siku kwamba mpira ndio unaommaliza, kwamba akirudi kutoka mazoezini hana nguvu ya duka. Na yeye Hodan alikuwa hawezi kumwambia mamake kwamba duka ni zito, kwa sababu mama anabeba vilevile na hajawahi kulalamika hata siku moja. Alitaka mashine iseme kwa niaba yake.

Nikaenda Eastleigh. Nilipanda zile ngazi mikono mitupu na nikafika juu nikitafuta mahali pa kuegemea. Mama Hodan ni mwanamke mpana, mwenye macho yasiyokosa kitu, na duka lake limejaa vitambaa hadi dari. Alinikaribisha kwenye robota la mapazia, akaniletea chai yenye viungo na maziwa ya ngamia, akaniuliza kama binti yake amefanya kosa. Nikasema hapana. Nikaweka tableti katikati yetu nikamweleza, huu mstari ni mechi, huu ni Jumamosi hapa dukani.

Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, kisha akaanza kuweka kidole juu ya mstari na kumwuliza Hodan kwa Kisomali, na Hodan akawa anajibu. Hapa lori. Hapa ule mteja wa Garissa aliyetaka pazia la juu kabisa, akalikataa, akataka la chini yake. Hapa mstari umelala kidogo, walikuwa wanaswali. Walikuwa wakiisoma siku yao kama watu wanaotazama picha za harusi, nami nikanywa chai yangu. Halafu mama akavua miwani.

"Mwalimu, mashine yako haipendi duka yangu."

Nikamwambia mashine haipendi wala haichukii, inahisi mtikisiko tu. Hakuridhika. Alisema yeye hubeba kama binti yake, miaka yote, na yuko sawa kabisa, kwa hivyo kama mashine ni ya kweli basi avae yeye tuone. Nilidhani anatania. Alikuwa ameshasimama.

Vesti ya pekee iliyomtosha ilikuwa ya Akoth. Niliileta asubuhi iliyofuata, Hodan akamvalisha nyuma ya mapazia, wote wawili wakicheka mpaka wanunuzi wakachungulia. Siku ile alifanya kazi yake yote akiwa na kifaa mgongoni, akijifunika shela yake juu. Nasikia kila mteja aliyeingia alielezwa kwamba mwenye duka sasa anachezea timu.

Nilipofungua matokeo, nilimpigia simu na kumwomba ruhusa ya kuwaonyesha wachezaji. Akasema waonyeshe wote, na huyo kocha wako pia, hiyo ni yangu na mimi natoa. Basi nikawakusanya. Sikutaja jina. Nikawauliza huyu ni nani, anacheza nafasi gani. Wakasema ni pivoti, tena wa timu kubwa, angalia anavyogongana. Mmoja akasema ni mwanamume. Mutiso alisogea, akatazama mitikisiko ile isiyo na mapumziko, akauliza huyu mchezaji yuko klabu gani na kama amesajiliwa. Nikawaambia ni mamake Hodan, na hapo alikuwa akiuza mashuka.

Kelele iliyotokea siwezi kuielezea. Akoth alikaa chini kabisa akicheka. Alisema yeye anampisha huyo mathe nafasi yake leo leo, mradi amwachie vesti. Hodan alijifunika uso kwa mikono, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, si kwa kilio.

Nilirudi dukani na matokeo kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Mama aliangalia mstari wake, akaangalia wa binti yake, akaiangalia tena yote miwili. Safari hii hakuweka kidole popote. Alishika kiuno chake kwa nyuma.

"Nimekuwa nikisema huu mgongo ni uzee," alisema. "Kumbe si uzee."

Akamgeukia Hodan, akasema kitu kifupi kwa lugha yao, na Hodan akaangalia chini. Tulipokuwa tukishuka ngazi nikamwuliza mama amesema nini. Aliniambia kwamba mama ameuliza mbona hukuniambia.

Wiki hiyohiyo Mama Hodan alitafuta hamali, kijana mwenye nguvu wa pale chini, awe anapandisha na kuteremsha mizigo. Yeye na binti yake wakabaki na kuuza. Na Hodan, bila kunituma mimi wala mtu mwingine, akamwendea Mutiso mwenyewe. Nilikuwa karibu, nikasikia. Hakueleza habari za ngazi wala marobota. Alimwambia, "Kocha, nipe mechi moja nikiwa nimelala vizuri. Nikizima, nitoe, sitaongea." Mutiso ana sauti kubwa lakini moyo wake ni laini kuliko anavyopenda watu wajue. Akasema ataanza naye fainali, na akiona ameshika magoti tu, anamtoa.

Siku ya fainali uwanja wa lami ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye ngazi za nyumba za jirani. Mama Hodan alifika akiwa na wanawake wengine wa maduka ya jumla, wamebeba viti vyao, wakakaa nyuma ya benchi letu palepale ambapo Mutiso huwa hapendi mtu akae. Hakuwa ameona mechi hata moja maishani mwake. Aliniuliza kwa nini wanapiga mpira chini, na kwa nini yule mkubwa anashikwa vile na mwamuzi haoni. Nikamwambia huyo mkubwa ndiye mwenye vesti uliyovaa. Akamtazama Akoth kwa heshima mpya.

Kipindi cha kwanza Hodan alikuwa moto, lakini hilo lilikuwa jambo la kawaida. Sote tulingoja cha pili. Kilianza, magoli yakawa sawa, tukatangulia, wakatufikia. Nilikuwa na tableti mapajani, nikitazama mstari wake. Ndipo, katika zile dakika ambazo alizoea kuzimika, Mutiso akainua mkono akamtoa. Hakungoja kuona magoti. Mkono uliinuka kwa mazoea, kama mtu anayezima taa akitoka nyumbani.

Hodan alikuja benchi, akakaa, hakusema neno, kama alivyoahidi. Nilimwona mamake amemtazama, na nilijua anawaza nini, kwa sababu sharti lilikuwa ni hilohilo. Benchi ni dukani. Mama alisimama. Akaacha kiti chake, akapita katikati ya chupa za maji, akaja mpaka kwangu.

"Mwalimu, mashine inasema nini?"

Nikaangalia. Mbio za Hodan za kipindi cha pili zilikuwa sawasawa na za kipindi cha kwanza. Hazikuwa zimeshuka hata kidogo. Nilisoma mara mbili ili niwe na hakika, kisha nikamwambia.

"Inasema hajachoka."

"Hata mimi naona hajachoka. Mimi ndiye najua mtoto wangu akichoka. Mwambie amrudishe."

Nilipeleka tableti kwa Mutiso. Alitazama mstari, akageuka akamwona Mama Hodan amesimama nyuma yake ameweka mikono kiunoni, na wale wanawake wengine nao wameshasimama. Katika handiboli mchezaji anaweza kutoka na kurudi mara nyingi apendavyo kocha, hakuna kibali cha kuomba. Mutiso alikuna kichwa. Akamwambia Hodan ingia.

Alicheza hadi filimbi ya mwisho. Tulishinda, na Hodan alifunga, lakini kusema kweli siwakumbuki wafungaji wote, kwa sababu kuanzia pale tableti nilikuwa nimeikalia na kupiga kelele pamoja na wauza mapazia. Watu walipoingia uwanjani kubebana, Hodan hakwenda kwenye duara la wenzake. Alikuja polepole kwa mamake, jasho likimtiririka, anasubiri kuambiwa kama sasa ni dukani. Nilisimama kando nikajifanya napanga vifaa.

Mama alimpangusa uso kwa ncha ya shela yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "msimu mpya unaanza lini? Nataka hamali ajue mapema."

Hodan alikuwa amekimbia mechi nzima bila kutetereka. Sasa akaketi palepale kwenye lami, katikati ya viatu vya watu, analia na kucheka kwa pamoja, na mamake akamvutia kiti.